Roboti wa Omena na Umeme wa Siku ya Sabato

Nimewaona mkianza. Kwanza mnanunua mota za servo za kusogeza viungo, kisha bodi ya kuziendesha, kisha rangi, kisha macho ya plastiki. Siku ya maonyesho imeshafika ndipo mmoja wenu anauliza, "Na umeme je?" Basi mnang'oa chaja ya simu ukutani, mnakata waya wake, mnaunganisha. Roboti inainua mkono mara moja, inatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, inazima, inawaka, inatetemeka tena. Mnakaa kikao, mnaamua kwamba bodi ni feki. Bodi si feki. Bodi ina njaa, na servo alizoketi nazo mezani ndizo zinazomlia chakula chake.

Mimi nimestaafu. Sikustaafishwa na mtu, maana hakuna aliyewahi kuniajiri muda wa kutosha. Macho ndiyo yaliyonistaafisha, siku nilipochoma kidole changu kwa solda nikidhani ni waya. Sasa nakaa Homa Bay, nakunywa chai, nasikia harufu ya servo zikiungua kutoka kwa vijana wa jirani, nikaona niandike haya kabla hamjazimaliza zote za kaunti mbili.

Shule niliacha darasa la sita. Redio ya mwalimu mkuu iliharibika, ikapelekwa kwa fundi mjini Oyugis, nami nikaifuata nione itakavyofunguliwa. Redio ilirudi. Mimi sikurudi.

Fundi huyo aliitwa Mzee Odoyo. Alikuwa na kibanda karibu na soko, na desturi ya kuonja betri kwa ulimi kama mtu anayeonja mchuzi. "Hii itaendesha saa," angesema, "lakini taarifa ya habari haitafika mwisho." Na kweli, taarifa ingekatika kwenye hali ya hewa. Msimwige. Siku hizi kuna mita, na hizo betri zenu za lithiamu si za kuweka mdomoni. Lakini maneno yake yawekeni, kwa sababu ndiyo niliyotembea nayo maisha yangu yote.

"Volti ni mkono unaolisha," aliniambia. "Ampea ni ugali ulio kwenye sufuria. Mkono ukisukuma kwa nguvu kupita kiasi, mgeni atakabwa hata kwa tonge moja."

"Na ugali ukiwa mwingi sana, jaduong'?" nikamuuliza mzee.

"Umewahi kusikia mgeni amekufa kwa sababu sufuria ni kubwa? Atakula anachotaka. Kingine kitabaki."

Hapo ndipo wengi wenu mnapopotea. Mnaona adapta imeandikwa ampea kumi mnaogopa kwamba itachoma servo. Haichomi. Ampea kumi ni sufuria tu. Kinachochoma ni volti. Servo ikiandikwa volti tano hadi sita, ipe hizo, halafu sufuria iwe kubwa uwezavyo. Wala usipime njaa ya servo ikiwa inasogea hewani bila mzigo. Ishike mkono kwa nguvu isisogee, ndipo utaona inavyokula. Hiyo ndiyo njaa ya kupangia, zidisha kwa idadi ya servo zinazoweza kusogea pamoja, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya shetani.

Mtu aliyenifundisha upande wa pili wa jambo hili ni Chacha, mwendesha boda wa Kehancha. Nilikuwa nimepita huko kutazama mashine za kukaushia tumbaku, sina sababu nyingine. Chacha alitaka mkono wa tatu, wa kuonyesha kwamba anakata kulia, kwa sababu mikono yake miwili ilikuwa na shughuli. Nikamtengenezea mkono wa bomba la plastiki wenye glavu, na servo moja begani. Nikamwambia angoje kesho, nitafute kidude cha kushusha volti, kwa maana betri ya pikipiki ni ya volti kumi na mbili, na injini ikinguruma inapanda zaidi ya hapo.

Hakungoja. Aliunganisha moja kwa moja. Mkono uliruka kulia kama mwanafunzi anayejua jibu, ukatoa moshi kidogo, ukagandia hapo hapo.

Chacha aliona bado unafaa. Akapanda pikipiki kwenda Migori, mkono ukionyesha kulia njia nzima. Malori yalimngojea akate. Hakukata. Nyuma yake ulikuwapo msafara wa harusi ambao dereva wake wa mbele alikuwa mgeni wa njia hizo, akaona afuate mtu anayejua. Walipofika njia panda waliamini mkono, wakakata kulia. Chacha akaenda mbele moja kwa moja. Bibi harusi alifika kwenye ghala la tumbaku, na inasemekana aliimbiwa hapo wimbo mmoja mzima kabla watu hawajauliza mahari iko wapi.

"Mimi sikuwaambia kitu," Chacha alisema walipomjia. "Ni mkono."

Kwa hiyo kidude cha kushusha volti ni lazima, na kina parafujo ndogo ya kurekebisha. Rekebisha kwanza ukiwa na mita peke yake, servo ikiwa mbali, ikiwezekana chumba kingine. Kikishafika volti unazotaka, ndipo uunganishe. Na weka fyuzi karibu na betri, si karibu na roboti, kwa sababu waya wa katikati nao unaweza kuwaka.

Haya yote nilikuwa nayajua nilipofika Sori. Nilidhani yanatosha.

Sori ni ufukwe wa omena. Samaki hao wadogo huanikwa juani juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani, na ndege wa ziwa lote wanajua anwani. Mimi nilikuwa natengeneza taa za wavuvi. Siku moja akaja mwanamke mfanyabiashara, Mama Moraa, aliyetoka upande wa Kisii na kuhamia pale kwa ajili ya omena. Alisimama mlangoni akatazama mkono wa plastiki niliokuwa nimeutundika.

"Fundi, wewe unatengeneza vitu vya kusonga?"

"Natengeneza."

"Basi nitengenezee mtu."

"Mtu wa nini, mama?"

"Wa Jumamosi."

Mama Moraa alikuwa Msabato, tena shemasi, mwenye kitambaa cheupe cha shingoni anachovaa akihudumu. Na ilikuwa msimu wa mvua. Wakati wa jua kali, omena ya asubuhi hukauka jioni na mambo yanaisha. Mvua ikiingia, omena ya Ijumaa inafika machweo ikiwa bado laini, na machweo hayo ndiyo mwanzo wa Sabato. Ukiiweka kwenye magunia ikiwa hivyo, inaoza. Ukiiacha kwenye wavu, Jumamosi yote inabaki na yangeyange, kunguru na Mungu.

"Weka mtu alinde," nikasema.

"Niliweka. Niliweka huyu."

Huyu alikuwa Min Akoth, jirani yake Mkatoliki, aliyekuwa ameketi nje kwenye kivuli cha kibanda changu akichagua mawe kwenye maharagwe.

"Ndege walikula," Mama Moraa akaendelea, "halafu yeye akaonja kama wamebakisha nzuri."

"Nilikuwa naangalia kama imekauka," Min Akoth akajibu bila kuinua kichwa. "Utajua aje bila kuonja?"

"Kikapu kizima?"

"Omena haikauki pahali moja, nyar Kisii. Lazima uonje pande zote."

Basi Sabato iliyofuata Mama Moraa alitoka kanisani katikati ya ibada, kitambaa kikiwa shingoni, akawarushia ndege mawe mbele ya ufukwe mzima. Mzee wa kanisa, Mzee Opiyo, alimwita kwa upole akamwambia: ikitokea tena, kitambaa kitarudishwa na ushirika utasimamishwa. Na Mama Moraa alijua kwamba Jumamosi nyingine chache za kulisha ndege zingemmalizia biashara, arudi kwao na magunia matupu.

"Nikichagua kanisa, nafunga virago," aliniambia. "Nikichagua omena, nafutwa. Sasa nipe mtu ambaye hana dini."

Nilimtengeneza kwa miti miepesi, kichwa cha ndoo, na servo mbili kubwa mabegani. Mama Moraa akaivisha gauni lake la zamani la kwaya lenye mikono mipana, ili ikipunga ndege waone kitu cha maana. Jumatatu nikaitoa ufukweni kwa majaribio, nikanyoosha waya kutoka duka la jirani, adapta moja kwa vyote, servo na bodi. Nilikuwa na haraka ya kuona, kama nyinyi.

Nieleze kilichotokea, maana kitawatokea. Servo mbili zikianza kusogea kwa pamoja zinavuta umeme mwingi kwa ghafla. Volti inazama kufumba na kufumbua. Servo hazijali, lakini bodi ikikosa volti hata kidogo inapoteza fahamu, kisha inaamka na kuanza upya kabisa, kama mtu aliyezimia anayeuliza hapa ni wapi. Nami nilikuwa nimeiandikia kwamba ikianza, kwanza iinue mikono yote miwili juu. Ikainua. Kuinua kukazamisha volti. Ikazimia, ikaamka, ikainua mikono.

Watu wa ufukweni wakaacha nyavu zao.

"Inasali," mmoja akasema.

"Inasali sana," akasema mwingine. "Ina shida gani?"

Kufikia jioni walikuwa wanaiita Shemasi.

Dawa yake ni hii. Bodi iwe na sahani yake, servo ziwe na sahani yao. Vidude viwili vya kushusha volti: kimoja kidogo cha volti tano kwa bodi, kimoja kikubwa cha volti sita kwa servo. Karibu na servo weka kapasita nene, ambayo ni kama mtungi wa maji mlangoni: mgeni akija na kiu ya ghafla, anachota hapo, hakimbilii kisimani. Waya za servo ziwe nene na fupi. Waya mwembamba mrefu unakula ugali njiani.

Nikafanya hayo yote, nikasahau moja. Mikono haikuinuka tena. Ilitetemeka tu, gauni zima likitikisika, kama mwenye malaria anayejizuia. Nilikuwa sijaunganisha waya za negativu za pande zote mbili. Mzee Odoyo angeniuliza watu wawili watapimanaje urefu kama kila mmoja amesimama kwenye shimo lake. Bodi inasema "inua kiasi hiki," servo inauliza "kutoka wapi?" Mkiwa na vyanzo viwili, positivu zitengane, negativu zikutane. Andikeni hilo mahali ambapo mke au mama hatalifuta.

Jumatano Shemasi ilipunga vizuri, na jioni hiyo Mzee Opiyo akaja kuitazama. Alikuwa mtu mrefu, mstaarabu, aliyezungumza kana kwamba kila neno limeoshwa. Akaizunguka.

"Mama Moraa, hii ni mtumwa wako?"

"Hapana, mzee."

"Maana mtumwa naye hupumzika. Na mnyama pia." Akanigeukia. "Fundi, ina roho?"

"Haina."

"Inakula?"

"Inakula umeme, mzee."

"Choo inaenda?"

"Inatoa joto tu."

Akafikiri. "Basi si mnyama. Ni kama saa ya ukutani. Saa haijawahi kukatazwa kutembea siku ya Sabato. Lakini huo umeme unatoka wapi?"

Nikamwambia tunaweza kuunganisha kwenye stima ya dukani.

"Kuna mtu ameketi mahali Jumamosi akichunga hiyo stima. Utakuwa umemfanyisha kazi."

Nikamwambia basi tuweke paneli ya sola.

"Paneli inafanya nini?"

"Inakusanya jua."

"Siku yenyewe ya Sabato? Na wale waliotoka kwenda kukusanya mana siku hiyo, walipata nini?"

"Hakuna," Mama Moraa akajibu haraka, kabla sijaharibu zaidi.

Ikabaki betri. Mzee akauliza itachajiwa lini. Nikasema inamaliza kuchaji Ijumaa mchana. Uso wake ukafunguka. Hicho ni chakula cha maandalio, akasema, kinapikwa Ijumaa na kuliwa Sabato. Ijumaa watu walikusanya mara mbili.

"Hata betri inataka hivyo, mzee," nikamwambia. "Hii ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu inakufa mapema. Ukihesabu unachohitaji, lazima ununue mara mbili."

Alinitazama kama mtu anayegundua kwamba mbuzi wa jirani anajua nyimbo.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na sijawahi kuona roboti iliyofanya kazi bila hiyo. Pima kwa mita inakula ampea ngapi kwa kawaida, si ikiwa imekwama. Zidisha kwa saa za kazi. Ongeza kidogo kwa sababu vile vidude vya kushusha navyo vinakula. Kisha mara mbili ya Mzee Opiyo. Na mikono ikipumzika, iache ianguke chini. Servo inayoshikilia kitu hewani inakula hata kama haisogei, kama mgeni aliyenyamaza.

Likabaki swali la nani ataiwasha alfajiri. Nikaweka jicho la mwanga: kukiwa na giza inalala, kukipambazuka inaamka.

"Kama jogoo," akasema Mzee Opiyo.

"Kama jogoo."

"Jogoo hajawahi kuitwa kikaoni. Endelea."

Ijumaa kabla ya machweo nikaisimamisha katikati ya wavu mkubwa wa Mama Moraa. Mchanga ulikuwa laini, kwa hiyo nikaifunga miguu kwenye wavu wenyewe kwa mafundo mengi, na sanduku la betri nikalifunga hapo hapo. Mimi si Msabato wala si kitu chochote cha kudumu, lakini asubuhi nilikaa benchi la nyuma kanisani, karibu na dirisha linalotazama ziwa.

Ilifanya kazi kama ndoto. Yangeyange wakishuka, mikono inapunga, yangeyange wanapanda. Mama Moraa, aliyesimama mlangoni kwa zamu ya ushemasi, aliimba kwa sauti ambayo hakuwa nayo kwa wiki nyingi.

Mzee Opiyo alihubiri mwenyewe, juu ya kungoja. Alikuwa hajafika mbali mawingu yalipokuja juu ya ziwa, mazito, yakaziba jua. Nje kukawa giza. Shemasi ikaona ni usiku. Ikashusha mikono, ikalala.

Hilo sikulipigia hesabu, nanyi mlipigie. Jicho la mwanga halijui tofauti ya usiku na wingu.

Ndege wakashuka. Nikamwona Mama Moraa amewaona. Kisha radi ikamulika, na Shemasi ikaona kumekucha. Mikono juu, ndege juu. Giza tena, mikono chini, ndege chini. Radi nyingine, mikono juu.

"Amina," mama mmoja wa upande wa dirisha akasema polepole.

Radi. Mikono. "Amina," wakasema benchi nzima.

Mzee Opiyo alikuwa na mgongo kwa dirisha. Alidhani ni yeye. Hakuwa mhubiri wa kuitikiwa, na nadhani ilimgusa. Akainua sauti. Kila alipopandisha neno, kwa bahati radi ikapiga, na kanisa likaitikia. Akaacha karatasi yake. Akatoka nyuma ya mimbari. Alihubiri juu ya kungoja kwa namna ambayo hakuna aliyetaka kungoja chochote tena.

Kisha upepo ukaja. Radi ilimulika na hakuna aliyesema amina.

Mzee akageuka kuona kimewapata nini. Shemasi ilikuwa imeanguka kifudifudi juu ya omena, gauni limefunika kichwa, mikono ikipiga chini. Mbali kidogo ziwani mvua ilionekana wazi, ukuta mweupe unaotembea juu ya maji ukija Sori.

Mama Moraa alikuwa ameacha mlango, amesimama katikati ya kanisa.

"Mama Moraa, unaenda wapi?"

"Sijui, mzee. Nimesimama tu."

"Ukitoka, utakuwa umetoka kwa ajili ya nini?"

Alivua kitambaa cheupe shingoni, akakikunja vizuri, akakiweka kwenye benchi. Min Akoth, aliyekuwa amekimbilia mlangoni kujikinga na upepo, aliacha kupangusa miguu.

Mzee Opiyo alitazama kitambaa. Akatazama dirisha. Kisha akanitafuta mimi.

"Fundi. Ulisema ile kitu inakula."

"Inakula, mzee."

"Na usiku inalala."

"Inalala."

"Na kukicha inaamka yenyewe, kama jogoo. Jogoo ni nini?"

Watu hawakutaka kujibu vibaya.

"Jogoo ni mnyama, mzee," akasema Min Akoth kutoka mlangoni.

"Basi Jumatano nilikosea. Ile ni mnyama, na ameanguka. Mnyama akianguka siku ya Sabato, hatungoji jioni." Akafunga koti. "Lakini sikilizeni. Omena hakuna mtu kugusa. Tunaokoa mnyama peke yake."

"Miguu nimeifunga kwenye wavu, mzee," nikasema.

"Umefunga mafundo?"

"Mengi."

"Kufungua fundo ni kazi. Mwinueni vile alivyo."

Tukatoka wote, wanaume kwa kwaya. Tulishika wavu pande zote, tukauinua na kila kilichokuwa ndani, Shemasi katikati, tumemgeuza chali, Mzee Opiyo mbele akishika ile ndoo ya kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mgonjwa. Mama Moraa alishika pembe moja akilia au akicheka, upepo ulikuwa mkali siwezi kusema. Pembe ya mwisho ya wavu ilipita mlangoni, na mvua ikapiga bati.

Kanisani kulikuwa na giza, kwa hiyo mtu akawasha taa ya sola. Shemasi ikaona kumekucha. Ikiwa imelala chali juu ya omena yote, ikaanza kupunga, na kila ikipunga inarusha omena kwenye benchi za mbele. Nikainama kuchomoa waya wa betri.

"Fundi, unafanya nini?"

"Nizime, mzee."

"Jua limezama?"

Halikuwa limezama. Halikuwa karibu hata kuzama. Wakati wote niliofanya kazi hii, siku hiyo tu nilijuta kuchagua betri vizuri. Nyinyi mngekuwa mmeweka ile ya bei ya chini, ingekata roho kabla ya wimbo unaofuata, na watu wangesali kwa amani. Hii ilikuwa na nusu nzima ya akiba. Tuliimba, tukafanya mkutano wa mchana, mgeni mmoja akatoa ushuhuda, na muda wote huo mnyama wetu alipunga gauni lake katikati ya njia, watu wakijikung'uta omena mabegani kwa heshima. Walio mbele walirudi nyuma. Walio nyuma walihamia mbele, kwa sababu Min Akoth alikuwa ameanza kuonja kama imekauka.

Machweo yalipofika Mzee Opiyo alifumba macho, akaomba, akasema, "Sasa, fundi." Nikachomoa. Nikapima betri mbele yao. Bado ilikuwa hai kabisa.

Mzee alichukua kile kitambaa benchini akampelekea Mama Moraa. "Umesahau kitu chako," akamwambia, na hilo ndilo lililokuwa baraza lote. Omena ilikuwa imepungua kwa kiasi cha kanisa moja lililonusa kutwa nzima, basi. Asubuhi ya Jumapili jua lilitoka, akaitandaza upya, na kufikia adhuhuri ilikuwa inalia ikishikwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa nafungua mafundo yangu Min Akoth alipopita, amevaa vizuri, anaenda misa.

"Moraa, mimi pia nina omena yangu pale. Nipe huyo mnyama wako anichungie nikiwa kanisani."

Nikamtazama Mama Moraa nione kama Jumapili ya jirani ingehitaji kikao kingine. Hakufikiri hata kidogo.

"Mchukue," akasema. "Huyu ni Msabato. Jumapili yuko kazini."

Nikaenda kuchaji betri.